Vifaa vya kujikinga machimboni: Kofia pekee haimwokoi mchimbaji

KILA jumba la ghorofa linaloinuliwa Kilimani, Kileleshwa, Lavington au Westlands jijini Nairobi huanzia shimoni. Kabla ya mwashi kupanga jiwe la kwanza, kuna mtu aliyelibandua kutoka mwambani, mwingine aliyelikata, na mwingine aliyeyaponda mabaki yake yakawa kokoto.

Mawe hayo hutoka zaidi viungani mwa jiji na katika kaunti jirani, yakiwemo machimbo ya Ndarugo na Juja katika Kaunti ya Kiambu. Barabara ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands na iliyozinduliwa rasmi Julai 2022, ni mfano mmoja tu wa ujenzi uliomeza kokoto kwa wingi.

Wengi wasikiapo neno mgodi huwazia dhahabu ya Migori na Kakamega, au magadi ya Ziwa Magadi. Hata hivyo, Sheria ya Madini ya 2016, iliyochukua mahali pa ile ya 1940, inayahesabu pia mawe na kokoto za ujenzi kuwa madini. Kwa hivyo, mtu anayepasua mawe kwa nyundo na tindo katika timbo la Kiambu ni mchimbaji sawa na yule anayeteremka kwa kamba katika shimo la dhahabu.

Hatari zinazowakabili wawili hao zinafanana: kuangukiwa na mwamba, vipande vya mawe kurukia macho, kelele za mitambo, na vumbi. Miongoni mwa hizo, vumbi ndilo linaloua polepole zaidi na ndilo linalopuuzwa zaidi.

Makala haya yanaeleza vifaa vya kujikinga ambavyo mchimbaji anastahili kuwa navyo, namna ya kuvitambua vilivyo halisi, nani anayepaswa kuvinunua, na hatua za kufuata kinga inaposhindwa.

Sheria yasemaje

Sheria kuu ni ile ya Usalama na Afya Kazini, nambari 15 ya 2007, iliyofuta Sheria ya Viwanda, sura ya 514. Sheria ya zamani ililenga zaidi viwanda, ilhali hii mpya inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, iwe ni kwa muda au daima.

Kifungu cha 6 kinamtaka anayemiliki au kusimamia mahali pa kazi kuhakikisha usalama, afya na ustawi wa watu wote wanaofanya kazi hapo. Maneno "watu wote" yana uzito wake. Mwenye timbo hawezi kujitetea kwamba vibarua wanaolipwa kwa idadi ya mawe si waajiriwa wake, maadamu wanafanya kazi katika eneo lake.

Kifungu cha 101 kinamlazimu mwajiri kutoa na kudumisha mavazi na vifaa vya kujikinga vinavyofaa na vinavyotosha, zikiwemo glavu, viatu, miwani na vifuniko vya kichwa, palipo na hatari ya maji au vitu vinavyodhuru. Sheria hiyo inagusia pia ulinzi wa macho na vifaa vya kupumulia.

Neno "kudumisha" nalo lisipuuzwe. Mwajiri aliyegawa kofia mwaka wa kwanza kisha akasahau hajatimiza wajibu wake. Kofia ikipasuka, glavu zikitoboka au kichujio cha barakoa kikijaa, ni juu yake kuleta vingine.

Mfanyakazi naye ana wajibu. Kifungu cha 13 kinamtaka kuvaa na kutumia vifaa alivyopewa wakati wote wa kazi. Anayevua miwani kwa sababu ya joto, au anayeitundika kofia yake mtini, anavunja sheria hiyo hiyo inayomlinda.

Kwa upande mwingine, kifungu cha 14 kinampa mfanyakazi haki ambayo wengi hawaijui. Akiona hatari kubwa iliyo karibu, kama vile ukingo wa shimo kuanza kuteleza, anapaswa kumjulisha msimamizi wake. Akiondoka mahali hapo kwa sababu za msingi, hafai kufutwa kazi wala kubaguliwa kwa kufanya hivyo.

Sheria hii husimamiwa na Idara ya Usalama na Afya Kazini, maarufu kama DOSHS, iliyo chini ya wizara inayohusika na leba. Makao yake makuu ni Safety House, Barabara ya Commercial, katika Eneo la Viwanda jijini Nairobi.

Kinga ya mwisho, si ya kwanza

Kosa linalofanywa na wasimamizi wengi ni kuanza na vifaa vya kujikinga na kuishia hapo. Wataalamu wa usalama huvihesabu vifaa hivyo kuwa ukuta wa mwisho baada ya kuta nyingine kusimamishwa.

Mkataba nambari 176 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), uliopitishwa mwaka wa 1995 kuhusu usalama migodini, unaweka utaratibu wa hatua nne. Ya kwanza ni kuiondoa hatari kabisa. Ya pili ni kuidhibiti katika chanzo chake. Ya tatu ni kuipunguza kwa kupanga kazi kwa njia salama. Hatari inayobaki baada ya hayo yote ndiyo inayokabiliwa kwa vifaa vya kuvaliwa.

Mkataba huo unasema pia kwamba vifaa hivyo vitolewe bila mfanyakazi kutozwa chochote. Kwa maneno mengine, kofia na barakoa si zawadi ya mwajiri wala si kitu cha kukatwa kwenye ujira wa wiki. Ni sehemu ya gharama ya kuchimba jiwe, kama ilivyo dizeli ya mtambo na nauli ya lori.

Mfano ulio wazi ni wa vumbi. Mashine ya kukata mawe inapomwagiwa maji penye msumeno, sehemu kubwa ya vumbi hugeuka tope na kuanguka chini. Mwamba unaotobolewa kwa mtambo unaotumia maji hautoi wingu jeupe linalowafunika watu. Barakoa bora kuliko zote haiwezi kushindana na mpira wa maji uliowekwa mahali panapofaa.

Mfano wa pili ni wa kuta za mashimo. Mnamo Mei 2024, watu 5 walifariki baada ya mgodi wa dhahabu wa Hillo, Kaunti ya Marsabit, kuporomoka, na serikali ikaufunga. Hakuna kofia duniani inayoweza kumwokoa mtu aliyefunikwa na tani za udongo. Kinga ya ajali kama hiyo ni kuchimba kwa ngazi, kuegemeza kuta kwa nguzo, na kuwaondoa watu mapema nyufa zinapoonekana, hasa nyakati za mvua.

Vumbi lisiloonekana

Vumbi linaloonekana kwa macho, linalojaa kwenye nyusi na nguo, si baya kuliko yote. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, kisha hutolewa kwa makamasi na kikohozi. Hatari kubwa imo katika chembe ndogo mno, nyembamba mara nyingi kuliko unywele wa binadamu, ambazo hupita hadi ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo.

Vumbi hilo likiwa na silika ya fuwele, madini yanayopatikana kwa wingi katika mawe ya kwazi, mchanga na granaiti, mapafu huanza kujenga makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Makovu hayo hayafutiki na ugonjwa huo hauna tiba ya kuuponya.

Kwa kawaida silikosisi hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi kidogo kidogo. Penye vumbi jingi sana, yaweza kujitokeza katika miaka michache au hata miezi. Yaweza pia kuendelea kukua baada ya mtu kuacha kazi hiyo.

Isitoshe, silikosisi hufungulia njia maradhi mengine. Mwenye ugonjwa huo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kushikwa na kifua kikuu, na hatari hiyo huongezeka akiwa na virusi vya Ukimwi. Aidha, mwaka wa 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka silika ya fuwele katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Dalili za kwanza ni kukohoa na kuishiwa na pumzi wakati wa kupanda mlima au kubeba mzigo. Dalili hizo hufanana na za kifua kikuu, na hata picha ya eksirei yaweza kumchanganya daktari. Ndiyo maana mchimbaji anayekwenda hospitalini kwa sababu ya kikohozi anapaswa kumweleza daktari, bila kuulizwa, kazi aliyoifanya na kwa miaka mingapi.

Historia ina mafunzo machungu. Katika miaka ya 1930 na 1931, wafanyakazi waliochimba njia ya maji chini ya mlima huko Hawks Nest, jimbo la West Virginia nchini Marekani, walipasua mwamba wenye silika nyingi bila kinga ya kutosha. Mamia yao walifariki kutokana na silikosisi.

Karibu na nyumbani, mnamo Julai 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ya randi bilioni 5 ya kuwafidia wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini waliougua silikosisi na kifua kikuu. Makubaliano hayo yaliwahusu waliofanya kazi tangu Machi 1965. Wengi walikuwa wamezeeka, na wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Si kila jiwe lina silika kwa kiwango kimoja. Mwamba mweusi mgumu unaoitwa fonolaiti, uliotanda chini ya sehemu kubwa ya Nairobi, una kwazi kidogo mno au hauna kabisa. Mawe ya kwazi yanayobeba dhahabu magharibi mwa Kenya yana silika kwa wingi. Mawe ya kijivu yaliyotokana na majivu ya volkano hutofautiana kutoka timbo moja hadi jingine. Njia ya pekee ya kujua ni kupima hewa anayovuta mfanyakazi, na kipimo hicho ni wajibu wa msimamizi. Hata vumbi lisilo na silika nyingi huumiza mapafu likizidi.

Vumbi hufuata jiwe hadi mjini

Wakazi wa mitaa ya magharibi mwa Nairobi wanaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya mashimoni tu. La hasha. Jiwe linapofika kwenye mjengo wa Westlands au Kileleshwa, fundi hulichonga tena kwa tindo. Saruji hukatwa kwa msumeno wa umeme. Granaiti ya meza za jikoni hukatwa na kusuguliwa na fundi ambaye mara nyingi amejifunga kitambaa tu puani.

Mawe ya kutengenezwa kiwandani, yanayopendwa kwa meza za jikoni katika miji mingi duniani, yanaweza kuwa na silika inayozidi asilimia 90. Baada ya vijana wengi wanaoyakata kuugua, Australia ilipiga marufuku mawe hayo kuanzia Julai 1, 2024. Kwa hivyo fundi wa jikoni mjini anaweza kuvuta vumbi baya kuliko la mchimbaji mwenyewe.

Barakoa ipi?

Tangu janga la Covid-19 lilipozuka mwaka wa 2020, barakoa zimekuwa kitu cha kawaida madukani na hata kwenye vibanda vya Kangemi na Kawangware. Jambo hilo limeleta kosa jipya: kudhani kwamba kila kinachofunika pua ni kinga ya vumbi.

Barakoa ya kitambaa na ile nyembamba ya hospitalini huzuia mate na matone ya anayeivaa. Haikai barabara usoni, hivyo hewa yenye vumbi hupenya pembeni mwa mashavu. Leso iliyofungwa puani ni hafifu zaidi.

Mchimbaji anahitaji barakoa ya kuchuja. Ile iliyoandikwa N95, kwa kipimo cha Marekani, huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo. Ile ya FFP2, kwa kipimo cha Ulaya, huchuja asilimia 94, nayo FFP3 asilimia 99. Penye vumbi jingi, hutumika barakoa ya mpira yenye vichujio vya kubadilishwa.

N95 iliyoidhinishwa nchini Marekani huwa na mikanda miwili ya kuzunguka kichwa, si vitanzi vya masikioni. Mnunuzi akiona N95 yenye vitanzi vya masikioni, ana sababu ya kuishuku. Barakoa za Ulaya zenye herufi NR ni za kutumiwa siku moja ya kazi tu.

Barakoa hizo hazifanyi kazi juu ya ndevu, kwa kuwa nywele huacha mwanya. Anayeivaa aufinye utepe wa chuma uliopo juu ya pua, kisha apumue kwa nguvu huku akiwa ameizingira kwa viganja. Akihisi hewa ikipita pembeni, airekebishe au atafute saizi nyingine. Wanawake wanaoponda kokoto, ambao nyuso zao mara nyingi ni ndogo, huumizwa zaidi na desturi ya kununua saizi moja kwa watu wote.

Kichwa, macho na masikio

Kofia ngumu ya kazi ilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1919, na hadi leo muundo wake una sehemu mbili: gamba la nje na utando wa mikanda ya ndani. Nafasi iliyoko kati ya gamba na utando ndiyo inayomeza nguvu ya pigo. Kofia iliyotolewa utando ili iwe nyepesi, au inayotumiwa kubebea vitu kati ya gamba na kichwa, ni kama sufuria tu.

Kofia iliyopata pigo kubwa hutupwa hata kama haina ufa unaoonekana. Haifai kutobolewa matundu ya hewa wala kupakwa rangi yenye kemikali zinazolainisha plastiki. Jua pia huidhoofisha. Tarehe ya kutengenezwa huandikwa ndani au chini ya ukingo, na mwenye kofia aitazame. Kofia ya bodaboda haichukui mahali pake.

Kuhusu macho, miwani ya jua si kinga. Anayepiga tindo au kuponda kokoto anahitaji miwani ya plastiki ngumu inayofunika hadi pembeni. Kipande cha jiwe hakihitaji zaidi ya nukta moja kumpofusha mtu, na jicho halina kipuri.

Kelele nazo huua usikivu bila maumivu. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele kazini, zilizotolewa mwaka wa 2005, haziruhusu mfanyakazi kukaa penye kelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja. Bila kipimo, mtu anaweza kukisia hivi: ikiwa lazima upaze sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele imezidi. Viziba masikio vya sifongo huviringwa kwanza vikawa vyembamba, vikaingizwa ndani, kisha vikaachwa vitanuke. Vikiwekwa mlangoni mwa sikio tu havisaidii.

Mikono, miguu na mwili

Viatu vya usalama vina kofia ya chuma au plastiki ngumu penye vidole. Vile vinavyofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 20345 hustahimili pigo la jouli 200, sawa na uzito wa kilo 20 ukianguka kutoka urefu wa mita moja hivi. Gambuti za kawaida huzuia maji tu. Palipo na maji na mawe pamoja, zinahitajika gambuti zenye chuma vidoleni na soli isiyotoboka.

Glavu za ngozi hufaa kubebea mawe yenye ncha. Hata hivyo, anayesimamia msumeno au mtambo unaozunguka asizivae karibu na sehemu hiyo, kwa maana zikinaswa huvuta mkono mzima. Hapo kinga ya kweli ni kifuniko cha chuma juu ya mtambo.

Jaketi linaloakisi mwanga humsaidia dereva wa lori kumwona mtu anaporudi nyuma. Anayefanya kazi kwenye ukingo wa timbo anahitaji mkanda wa kuzuia kuanguka unaozunguka mabega na mapaja, uliofungwa penye nguzo thabiti, si kwenye jiwe lililolegea wala kwenye trekta.

Ovaroli nayo ina jambo lake. Anayerudi nyumbani na nguo za kazi hubeba vumbi hadi kitandani kwa watoto. Nguo hizo zibaki kazini au zifuliwe peke yake kwa maji. Kujipuliza kwa hewa ya kompresa kunaligeuza vumbi lililotulia kuwa wingu jipya la kuvutwa.

Hewa mbaya shimoni

Katika mashimo marefu ya dhahabu kuna hatari ambayo barakoa haigusi kabisa. Barakoa ya vumbi haitoi oksijeni wala haizuii gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Pampu ya maji inayotumia petroli ikiwashwa ndani ya shimo, yaweza kuwaua watu wote waliomo katika muda mfupi.

Sharti la kwanza ni kuiweka injini nje na kupitisha mpira wake tu. Baada ya hapo huja feni za kuvuta na kusukuma hewa, kifaa cha kupimia gesi, taa ya kichwani isiyo na moto, na mtu anayebaki juu akiwa na kamba. Mwenzako akianguka chini, usimfuate bila hewa ya kubeba mgongoni. Migodini na visimani, mwokozi asiyejikinga mara nyingi huwa maiti wa pili.

Kununua bila kutapeliwa

Vifaa hivi vinapatikana kwa urahisi katika maduka ya vyuma na ujenzi katikati ya jiji, na katika Eneo la Viwanda. Mitaa ya magharibi kama Kangemi, Kawangware na Dagoretti ina maduka ya aina hiyo pia. Tatizo si uhaba bali ubora.

Mnunuzi atafute alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, na kiwango kilichochapishwa kwenye kifaa chenyewe, si kwenye boksi pekee. Kwa kofia, EN 397 au ANSI Z89.1. Kwa miwani, EN 166. Kwa barakoa za Ulaya, EN 149. Kifaa kisicho na jina la aliyekitengeneza wala tarehe hakifai, hata kiwe na bei nafuu kiasi gani.

Viatu vya usalama vya mitumba vinahitaji tahadhari zaidi. Chuma cha vidoleni kilichowahi kupigwa hubonyea bila kuonekana kwa nje. Kofia ya mitumba isinunuliwe kamwe, kwa kuwa historia ya mapigo yake haijulikani.

Asiye na mwajiri

Wachimbaji wengi wa Kenya hawana barua ya kazi. Hulipwa kwa idadi ya mawe au kwa debe la kokoto, na asubuhi huchaguliwa na msimamizi mlangoni. Sheria ya 2007 haijawasahau. Wajibu wa mwenye eneo chini ya kifungu cha 6 unawahusu, na anayejiajiri naye anatakiwa kujilinda pamoja na kuwalinda wengine walio karibu.

Sheria ya Madini ya 2016 nayo iliwaruhusu wachimbaji wadogo kupata vibali. Walio katika vikundi vyenye vibali wanaweza kununua vifaa kwa jumla, kuweka akiba ya kubadilisha vilivyochakaa, na kumwita mkaguzi. Palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inataka pawe na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa pande zote mbili. Kamati hiyo ndiyo inayofaa kuuliza kila mwezi: vifaa vingapi vimetolewa, vingapi vimeharibika?

Kinga inaposhindwa

Mfanyakazi akiumia, Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, nambari 13 ya 2007, ndiyo inayotumika. Mahakama ya Juu iliithibitisha mnamo Desemba 2019 baada ya kesi iliyodumu miaka mingi. Sheria hiyo inamtaka mwajiri kuwa na bima, na kuripoti ajali kwa mkurugenzi wa DOSHS katika muda wa siku 7. Ajali iliyosababisha kifo inapaswa kuarifiwa katika saa 24.

Dai la fidia hupelekwa katika muda wa miezi 12. Fidia ya ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Asiyeridhika na uamuzi wa mkurugenzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwake, kisha siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Uajiri na Leba baada ya kujibiwa.

Magonjwa yanayotokana na kazi yanahesabiwa pia, si mifupa iliyovunjika pekee. Ugumu uko katika ushahidi, kwa maana silikosisi huja miaka mingi baadaye, wakati timbo limefungwa na msimamizi amehama. Kwa hivyo mchimbaji ahifadhi kila karatasi: kitambulisho cha kazi, ujumbe wa malipo kwa simu, majina ya waliofanya kazi pamoja, na picha ya kwanza ya eksirei iliyopigwa kabla hajaanza kazi. Picha hiyo ya mwanzo ndiyo itakayoonyesha tofauti.

Wajibu wa mwenye mjengo

Sehemu ya wajibu inawaangukia wale wanaonunua mawe. Mwenye nyumba wa Lavington anayetia saini kandarasi anaweza kudai humo kwamba mawe na granaiti vikatwe kwa maji, na kwamba gharama ya vifaa vya kujikinga ionekane katika mstari wake, kando ya saruji na nondo. Gharama isiyoandikwa hailipwi, na isipolipwa na mwenye mjengo wala mwenye timbo, hulipwa na mapafu ya kibarua.

Kwa mchimbaji mwenyewe, swali la kuuliza kabla ya kushika nyundo ni fupi. Ukuta huu ni salama? Maji yapo ya kutuliza vumbi? Injini iko nje? Akishajibiwa hayo matatu, ndipo aulize kofia, miwani na barakoa viko wapi. Akiambiwa avinunue mwenyewe, ajue kwamba anaombwa kulipa deni ambalo si lake.